Mlango Ambao Léonard Alisahau Kuuchora

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Pinetown, karibu na Durban. Kitambaa cha bluu kimetandazwa juu ya meza ndefu, tabaka arobaini, na Léonard anaizunguka meza akiwa na kipande cha chaki mkononi. Mashine ya kukatia hajaiwasha. Kwanza anagusa. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mgongo, kola, mfuko. Kila kipande kilichochorwa anakiwekea kidole, anakitaja kwa sauti ya chini, kisha anarudi mwanzo na kuanza upya. Mara tatu.

"Grand, ovaroli haikimbii!" Peguy, anayeshona kwenye mashine ya jirani, anamtania akimwita kaka mkubwa kwa Kifaransa. "Mikono ni mbili tangu Adamu."

Léonard anacheka bila kuinua macho. Ana miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na moja katika kiwanda hiki cha nguo za kazi hajawahi kukata kitambaa kikapungukiwa kipande. Wenzake wanadhani anamwogopa msimamizi. Wala si msimamizi. Anaiogopa ramani moja aliyoichora akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kule Uvira, mashariki mwa Kongo, akasahau mlango.

Ramani hiyo ilichapishwa kwenye jarida lililoitwa Safari za Mezani. Usilitafute maktabani, utachoka bure. Lilitoka kati ya mwaka 1993 na 1996, matoleo tisa tu, kurasa kumi na sita kila moja, likirudufiwa kwa mashine ya parokia iliyochafua kwa wino zaidi ya ilivyochapa. Mhariri wake alikuwa Dominiki, mwalimu wa hesabu. Léonard alikuwa mwanafunzi wake, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umenyooka, akapewa kazi ya ramani.

Lilikuwa jarida la mchezo, lakini si mchezo wa kukimbia wala wa kushinda. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, waliobaki ni wasafiri, na kila msafiri ana karatasi iliyoandikwa jina lake la humo ndani ya hadithi, nguvu zake na akili zake. Msimulizi anaeleza mahali walipofika, wasafiri wanaamua la kufanya. Jambo likiwa gumu, bahati inaulizwa: dadu hazikupatikana, kwa hiyo waliandika namba kwenye maharage ishirini, wakayatia katika kopo la maziwa na kuchomoa moja bila kuangalia.

"Kila toleo lilikuwa na safari moja," anasema Léonard wakati wa chai, akiwa amekaa juu ya robota la kitambaa. "Dominiki anaandika maneno, miye nachora fasi yenyewe. Pango, soko, mji wa juu ya mawingu. Watoto ya Uvira, ya Bujumbura, mpaka ya Kigoma, wote wako wanatembea ndani ya kichwa yangu. Hiyo furaha, eish, siwezi kukueleza."

Jarida lilikuwa na kanuni moja iliyoandikwa nyuma ya kila toleo: ramani ndiyo sheria. Maneno na mchoro vikigongana, mchoro unashinda, na msimulizi haruhusiwi kubuni njia ambayo haikuchorwa. Iliwekwa ili kukomesha ugomvi wa mezani. Aliyeipendekeza ni Léonard mwenyewe, kwa majivuno ya ujana.

Ndipo likaja toleo la tisa, safari ya kasri lililo chini ya ziwa. Wasafiri wanashuka ngazi za mawe, mwanga unawafikia kupitia majini ukiwa wa kijani, samaki wanapita juu ya vichwa vyao, hadi wanaingia katika Chumba cha Mwangwi. Mlango walioingilia unajifunga, haufunguki tena. Dominiki alitaka watoke kwa upande wa mashariki. Léonard alichana stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, usiku kucha kwa sindano, akachora nguzo, ngazi, hata magamba ya samaki. Mlango wa mashariki hakuuchora. Na stensili haifutiki. Ukishachana nta, umechana.

Nakala mia moja na ishirini zilikwisha kusambazwa barua ya kwanza ilipofika. Zikafuata nyingine ishirini na mbili. Zote zilisema jambo moja: tumekwama, tunatokaje? Dominiki hakumfokea. Alimwambia tu kwamba marekebisho yatachapishwa katika toleo la kumi, kwa sababu kanuni ni kanuni, marekebisho ya mdomo hayahesabiki.

Toleo la kumi halikutoka. Vita vilifika Uvira mwaka ule ule wa 1996. Dominiki alifariki katika miezi ile. Léonard alitoka mjini na suruali aliyovaa, akapita Zambia, akapita Msumbiji, na mwaka 2003 akaingia Durban akiwa na namba ya simu ya mtu ambaye alikuwa ameshahama. Alibeba mizigo ya wachuuzi katika soko la Warwick Junction kwa miaka kadhaa kabla ya kupata kazi ya kukata nguo. Leo analipwa randi 1,450 kwa wiki, na karibu nusu inamezwa na kodi ya vyumba viwili katika mtaa wa Berea.

Katika misukosuko yote hiyo, anakiri bila aibu, aliendelea kuwaza juu ya watoto aliowafungia chini ya ziwa. Kuna siku aliwaona ndotoni wamekaa kimya, wametazama ukuta wa mashariki, wanamsubiri. Aliamka analia. Mkewe, Huguette, alidhani amepata taarifa ya msiba.

Ni Huguette huyo huyo aliyeleta habari. Anasuka nywele katika saluni moja jirani na Warwick, na mwezi Machi mwaka huu alikuwa akimsuka mteja mpya, Mtanzania aitwaye Verediana, anayeuza simu duka la pili kutoka hapo. Kusuka kunachukua saa nne, na katika saa nne watu husimuliana mengi. Verediana akaanza kueleza utoto wake Kigoma: baba yao alinunua kijarida kwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kutoka ng'ambo ya ziwa, na yeye, kaka yake Gilbert na binamu zao wawili wakazama humo.

"Nikamwambia dada Huguette, sisi watu wa ajabu, mpaka leo tumekwama kwenye kile chumba," anakumbuka Verediana. "Mchoraji alisahau mlango. Nikasema huyo mchoraji popote alipo, Mungu anamwona."

Kitana kikasimama kichwani mwake. Kisha Huguette akasema taratibu: "Dada, huyo mutu uko unatukana, ni bwana yangu."

Verediana aligeuka haraka kiasi kwamba msuko ulifumuka, na ikabidi uanzwe upya bila malipo.

Jioni ile ile alipanda hadi Berea. Gilbert alikuwa ametuma kutoka Kigoma picha za toleo la tisa, ukurasa kwa ukurasa, zilizopigwa na mtoto wa jirani. Léonard aliishika simu kwa mikono miwili. Hakuwa ameiona kazi yake kwa takriban miaka thelathini. Aliangalia nguzo, ngazi, magamba ya samaki, akatabasamu. Kisha akafika kwenye ukuta wa mashariki na tabasamu likafutika.

"Nilimwambia pale pale, mulango uko hapa, muwaambie batoke," anasema. "Akakataa!"

Verediana hajutii. "Nilimwambia, Kaka Léonard, si ninyi mlioweka kanuni? Marekebisho yawe ndani ya jarida. Sisi tumeiheshimu miaka yote hii, leo nitoke kwa maneno ya sebuleni? Gilbert asingenisamehe."

Maana kumbe hawakuwahi kuacha kucheza. Kila Krismasi familia ikikutana Kigoma, wale wanne walikaa mezani na kuendelea na maisha ndani ya Chumba cha Mwangwi. Walipanda uyoga ukutani. Walitunga sheria za kugawana mwanga. Wasafiri wawili walioana, wakapata binti. Gilbert, ambaye ndiye msimulizi wao, ameyaandika yote katika madaftari manne, na binti yule wa kwenye madaftari sasa ana miaka ishirini na mmoja.

Siku ya Jumapili iliyofuata Léonard alizungumza na Gilbert kwa simu. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi. Gilbert hakutaka radhi.

"Ndugu yangu, tumeishi vizuri humo," alimwambia. "Lakini mlango tunautaka. Kuna binti hajawahi kuona jua."

Kisha akaongeza jambo ambalo Verediana alikuwa amelificha. Presha ya macho imemmaliza Gilbert. Anaona mwanga na kivuli tu, ramani hawezi kuisoma tena. Binamu wangemsomea, lakini msimulizi anayesomewa ramani na wasafiri wake mwenyewe si msimulizi tena, na bila msimulizi hakuna wa kuwafungulia.

Léonard alilitafakari jambo hilo wiki nzima. Kisha akamwendea msimamizi wa kiwanda na kuomba mabaki: vipande vya bluu, vya kaki, vya kitambaa laini cha fulana. Alipewa mfuko mzima.

Toleo la kumi la Safari za Mezani linatengenezwa sasa juu ya meza ya kulia chakula, Berea. Kurasa zake zitachapwa kwenye duka la fotokopi, nakala ishirini tu, lakini katikati ya nakala moja kutashonwa ramani ya nguo. Maji ni bluu ya ovaroli. Ngazi ni mikunjo ya kaki. Chumba cha Mwangwi ni fulana laini, na kuta zake ni uzi mnene mweusi unaoinuka juu ya kitambaa. Penye mlango uzi unakatika, upana wa kidole kimoja. Hatimaye msimulizi wa Kigoma ataweza kusoma kwa mkono.

Ilipomalizika mara ya kwanza, Léonard aliitazama akaridhika. Ngazi zipo, nguzo zipo, mlango upo. Akamfunga Huguette macho kwa kitambaa na kumpa aisome.

Vidole vya Huguette vilishuka ngazi, vikaingia chumbani, vikapapasa ukuta kona hadi kona. Vikarudia.

"Papa Prodige," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Mulango iko wapi? Miye naona ukuta tu."

Aliinama, akapitisha kidole chake mwenyewe. Alipokuwa akipinda ukingo wa chumba kwa uzi wa rangi ile ile ya fulana, alikuwa ameshona juu ya ile nafasi. Macho yaliona pengo. Kidole kilikuta ukuta. Mtu anayegusa kila kola na kila mfuko mara tatu kiwandani, safari hii alikuwa amehesabu kwa macho, kwa sababu ya furaha. Huguette alicheka hadi akakaa chini. Léonard naye akacheka, kisha akalia, kisha akachukua wembe na kufumua, mshono mmoja mmoja, akijaribu kwa kidole cha shahada baada ya kila mshono.

Sasa hivi kidole kinapita. Amekipitisha mara nyingi kuliko anavyotaka kusema.

Verediana anaondoka Durban tarehe kumi na tano Desemba, na toleo la kumi litakuwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi, hilo wamekubaliana. Wasafiri watakaa mezani siku moja baada ya Krismasi. Léonard hatakuwepo. Kwa karatasi za ukimbizi alizo nazo, akivuka mpaka hana uhakika wa kurudi kwa mkewe na watoto. Ameshaulizia mara mbili, na mara zote mbili amerudi nyumbani bila kutaka kula.

Gilbert amesema watampigia simu na kuiweka katikati ya meza, wasimwache nje ya shughuli. Amemuuliza pia kama kuna lolote analotaka lifanyike kabla hajautafuta ule mlango kwa vidole vyake.

Katika matoleo tisa Léonard alichora kila mahali, na hakuwahi hata siku moja kukaa mezani kama msafiri.

"Iko kitu moja," alimjibu. "Mbele ya kufungua, muniandikie karatasi yangu, muniweke na miye ndani ya chumba. Nataka kutoka pamoja na ninyi."