Nilidhani Ni Sherehe ya Kuniaga, Kumbe Mama Mkubwa Alikuwa Anamuoa Mchumba Wangu

Admin, jina langu baki nalo wewe mwenyewe, maana Musoma ni ndogo na Butiama ni ndogo zaidi. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 23. Nina siku kumi na moja tu hapa Algeria, nimepata ufadhili wa kusoma. Tunaanza na Kifaransa mwaka mzima ndipo tuingie chuo chenyewe. Baridi sijaizoea na chakula chao kinanipita pembeni, ila hayo siyo yaliyonileta kwenye ukurasa wako. Hayo ningevumilia.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa ameshaoa mwingine huko Bunda, hivyo nikachukuliwa na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, kule Butiama. Ni mjane, ana mabinti watatu na wote wameolewa. Sikuwahi kumwita mama mkubwa, nilimwita mama. Nimemchungia ng'ombe, nimemlimia mihogo, na alipolazwa Musoma mimi ndiye niliyelala sakafuni wodini. Mtu akimuuliza kama ana mtoto wa kiume, alikuwa ananinyooshea mimi kidole. Naomba mlikumbuke hilo.

Nina mchumba, nimwite Nyangeta, kwao ni Nyakato. Ufadhili ulipotoka nilimpeleka nyumbani, nikamwambia mama kwamba naondoka kwa miaka mingi, huyu binti anitunzie. Akacheka, akasema nisiwe na wasiwasi. Wiki ya safari ikafanyika sherehe ya kuniaga. Ng'ombe akachinjwa. Nikamwona baba yake Nyangeta anaingia na wazee wawili, nikafurahi, nikajiambia mkwe kaniheshimu kweli. Wakaingia ndani na mama, wakakaa huko muda mrefu, mimi niko nje napigwa picha na begi langu jipya. Walipotoka mzee mmoja akaomba safari iwe njema na nyumba ile ijae watoto. Niliitikia amina kuliko watu wote.

Ijumaa iliyopita, mchana, huku hakuna masomo siku hiyo, nilikuwa napika dagaa alionifungia mama kwenye begi. Nikafungua grupu la familia. Dada yangu mmoja, binti wa mama, kaweka picha ya Nyangeta anapepeta mtama uani kwetu, chini kaandika, "Mke wetu ameshazoea nyumba." Nikajua ni utani, nikajibu mbona mnaniwahi. Hakuna aliyecheka. Baadaye dada akanipigia, akaniuliza kwa upole, kwani mama hajakwambia?

Kwa wasiojua mila za kwetu Mara, mama asiyejaaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa binti. Binti huyo anahesabika mke wa mtoto wa kiume wa kufikirika, ambaye hakuzaliwa kamwe, na watoto atakaozaa, awe amewapata kwa nani, ni wa nyumba ile na jina la mzee wa nyumba ile. Wengi wanaiita nyumba ntobu. Nimekua nikiiona kwa majirani na sikuwahi kuisema vibaya. Kweli mkuki kwa nguruwe.

Nikampigia mama. Sikumsalimia. Nilimuuliza swali moja tu, "Mama, mimi si ndiye mtoto wako wa kiume?"

Akasema, "Wewe ni wa dada yangu, mwanangu. Watoto wa dada wanarudiga kwa baba zao. Jina la mume wangu litabaki na nani? Umesema nikutunzie, nimemtunza."

Miaka kumi na tano. Kumbe kile kidole alichokuwa ananinyooshea kilikuwa cha kuwafurahisha wageni. Niliumia hapo kuliko hata habari ya Nyangeta, na siwezi kuwaficha, nililia mbele ya mwenzangu wa chumbani ambaye hatuna hata lugha moja ya kuelewana.

Nyangeta naye nilimpata kesho yake. Akaniambia ana mimba yangu, alijua siku chache kabla ya sherehe. Baba yake alipogundua alikuja juu, akasema hakai na aibu ndani na kuna mchimbaji wa Buhemba yuko tayari kumuoa. Nyangeta akakimbilia kwa mama, na mama akawahi kupeleka ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia na tulikuwa wote siku ile, tumekula sahani moja. Akasema, "Ningekwambia usingepanda ndege." Ni kweli nisingepanda. Lakini nani aliwapa haki ya kuniamulia? Uwanja mzima ulijua kilichokuwa kinaliwa pale, isipokuwa mimi niliyevaa suti.

Jana nikampigia mama tena, kwa adabu safari hii. Nikamwambia arudishiwe ng'ombe wake, nitamuoa Nyangeta mwenyewe nikirudi. Akasema ng'ombe wa nyumba ntobu hawarudi, ila milango iko wazi, nije likizo nimuone mtoto kama mtu wa familia. Nikamuuliza mtoto huyo ataniitaje. Akajibu kama mtu anayetaja jambo la kawaida kabisa, "Si atakuita baba mdogo."

Dagaa wamebaki nusu mfuko, siwezi kuwala na siwezi kuwatupa. Nikirudi sasa masomo yamekufa, na sijui kama wazee watanisikiliza. Nikibaki, mtoto atazaliwa apewe jina la marehemu mume wa mama, ambaye hata mimi sikumkuta. Ndugu zangu, hasa mliolelewa na wasio wazazi wenu, mnishauri bila kumtukana mama, maana bado ndiye mama niliyenaye. Nipande ndege nikadai mwanangu, au nikae huku nijifunze kuitika nikiitwa baba mdogo?