Mkono wa mashine hulala Himbi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Asumini Jumaine amekwisha kufanya kila anachoweza kufanya peke yake. Ameketi mbele ya mashine ya kufuma soksi, chombo cha chuma chenye umbo la sufuria ndogo isiyo na kitako, kilichokazwa kwenye meza kwa parafujo mbili. Sindano sabini na mbili zimesimama duara. Amezigusa moja moja kwa kidole kuona kama ndimi zake zinafunguka, akazidondoshea mafuta ya cherehani. Uzi mweupe uko tayari, na chini kumening'inia uzito wa kuvuta soksi inayofumwa.

Hata hivyo mashine haizunguki, kwa sababu haina mkono.

Mkono ni ule mpini wa kuzungushia, na huu wa Asumini haulali hapa mtaa wa Mapendo. Unalala mtaa wa Himbi, nyumbani kwa Bibiche Murhula, mwenzake wa kazi. Kila jioni Bibiche huufungua, huufunga kwenye kitambaa na kuondoka nao. Asipokuja, hakuna soksi.

"Mutu anapita barabarani, ananiona nimekaa tu mbele ya mashine, anasema huyu mama ni muvivu kabisa," anasema Asumini huku akimimina chai. "Acha aseme. Miye ninangojea mukono."

Jambo la pili linalomshangaza mgeni ni miguu yake. Amevaa soksi nyeupe za shule, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Ya kulia imeishia kwenye shavu la mguu, ya kushoto inakaribia goti. Akiona unazitazama, anacheka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani.

"Hizo tutazifikia. Kunywa kwanza."

Asumini alizaliwa hapa hapa Goma. Baba yake alitoka Kasongo, Maniema, akiuza vitenge na chumvi, na mashine hii aliinunua Bujumbura kwa ajili ya mkewe. Asumini alifundishwa na mama yake akiwa na miaka kumi na mbili. Leo soksi ndizo zinazolisha nyumba yenye watoto wanne. Jozi moja ya shule huuzwa dola moja na nusu. Zile nene huchukuliwa na wakulima wa Kibumba, kule ambako baridi ya asubuhi inauma kwelikweli, wakazivaa ndani ya buti za mpira. Siku njema wanawake hawa wawili humaliza jozi saba.

Vifaa ndivyo vinavyosumbua. Sindano zenye ulimi haziuzwi Goma. Kaka yake Twahiru, dereva wa lori, huzileta kutoka Kampala barabara ikikubali, kumi leo, tano mwezi ujao. Uzito wa asili ulipopotea, Asumini alifanya ambalo mtu yeyote wa Goma angefanya: akainama nje ya mlango, akaokota jiwe la volkano, akalifunga kamba. Jiwe lilikwangua uzi, soksi kumi na moja zikaharibika kabla hajaelewa. Sasa anatumia chuma cha kilo moja kutoka kwenye mizani ya zamani ya muuza maharage.

Lakini kifaa kilichomletea matatizo makubwa kuliko vyote ni kile ambacho hanacho. Mashine ilikuja na kompta, kisanduku kidogo cha namba kilichokuwa kikihesabu mizunguko. Mwezi wa tano mwaka 2021, mlima ulipolipuka na watu wakaambiwa wauhame mji, Asumini aliibeba mashine mgongoni kama mtoto, kitenge juu, akaenda kwa miguu hadi Sake. Alipoishusha, kompta haikuwepo. Anadhani ilidondoka karibu na ziwa la Lac Vert, kwenye msongamano wa watu na magodoro.

"Ningerudi kuitafuta wapi? Batu walikuwa kama siafu. Nilisema Alhamdulilahi, sindano zimebaki."

Akaanza kuhesabu kwa tasbihi ya mama yake, yenye punje tisini na tisa. Kila mzunguko punje moja. Tasbihi ikiisha, mguu wa soksi umetosha, anaanza kisigino. Kwa miaka mitatu soksi zake zote zilitoka sawa.

Bibiche alifika baadaye. Ni Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mama wa watoto wawili. Mumewe alikuwa karani kwenye ofisi moja ya Himbi mpaka ofisi ilipofunga milango. Alianza kwa kuviringisha uzi na kushona ncha za vidole, kazi za pembeni, na mashine hakuigusa. Anamwita Asumini "yaya", dada mkubwa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ikaja oda ambayo haikuwahi kufika katika nyumba hii. Masera Nsimire, mtawa anayeongoza shule moja ya msingi ya wasichana, alitaka jozi tisini za darasa la kwanza na la pili. Akasema wazi: zikitoka vizuri, mwaka unaofuata atavalisha shule nzima. Kwa Asumini hiyo ilikuwa na maana moja tu, kuacha kuzungusha soksi sokoni mkononi kama muuza karanga.

Wiki ya kwanza bega lake likavimba. Ikabidi asubuhi afume yeye, mchana afume Bibiche, na jioni soksi zote wazifunge jozi kutoka rundo moja.

"Nilimwambia, muguu ni mizunguko mia kasoro moja," anakumbuka Asumini. "Akaniuliza, nitahesabu na nini, yaya? Nikamwambia, si weye pia una shanga zako shingoni? Hesabu nazo. Miye na tasbihi, weye na rozari. Tukacheka. Tuliona tumepata akili!"

Bibiche akapiga hesabu yake. Rozari ina makumi matano, ukiizunguka mara mbili ni mia. Mzunguko mmoja wa ziada haumuumizi mtu.

Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa, walipeleka magunia mawili. Masera Nsimire akafungua jozi ya kwanza, akailaza mezani, akailinganisha. Soksi moja ilizidi nyingine kwa vidole vitatu. Akafungua ya pili, ikawa hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa sawa, ya nne ikarudia.

"Huyu mutoto wenu," akauliza Masera, "ana miguu miwili ao ana mumoja na nusu?"

Msomaji atasema: si wapange upya tu, ndefu na ndefu, fupi na fupi? Walipendekeza hivyo, Masera akakataa. Hakutaka uwanjani kuwe na mstari wa soksi ndefu na mstari wa soksi fupi. Na hapo mwalimu mmoja aliyekuwa mlangoni, akitazama mtandio wa Asumini na rozari ya Bibiche, akatupa mzaha, kwamba ndefu ziitwe za misa na fupi ziitwe za msikiti. Watu wakacheka. Bibiche hakucheka.

Masera aliwapa siku saba. Nje ya geti Bibiche akaweka gunia chini, akasema, "Yaya, tafuta mwingine. Miye nimekuharibia," akapanda pikipiki akaenda zake. Asumini akabaki na magunia mawili na bega moja zima.

Siku mbili alifanya kazi peke yake, na anakiri alikuwa na hasira. Alijiambia kwamba yule mtoto wa watu hajui kuhesabu, basi. Siku ya pili akachukua soksi moja ndefu, akahesabu safu za mguu kwa ncha ya sindano. Zilikuwa mia moja na kumi na nane. Akachukua nyingine: mia moja na kumi na nane. Akahesabu kumi, na zote kumi zikatoa namba ile ile.

"Hapo njo nilishituka," anasema. "Mutu asiyejua kuhesabu anakosea kila mara namna yake. Leo mia na tano, kesho tisini. Huyu hakukosea hata mara moja!"

Akavuka ua, akaazima rozari ya jirani. Hakuwahi kushika rozari maishani mwake. Akaipitisha vidoleni taratibu, punje kwa punje, zile ndogo za makumi, zile kubwa zinazoyatenganisha, na zile chache za kwenye mkia karibu na msalaba. Akafika hamsini na tisa. Mara mbili ni mia moja na kumi na nane.

Kichwani Bibiche alikuwa na mia, lakini vidole vilivyosali tangu utotoni havikuruka punje hata moja.

"Nilikaa chini," anasema Asumini, na sauti inashuka. "Nilimutuma na kipimo ambacho miye mwenyewe sikukijua. Na kingine nikuambie, nisikudanganye. Zile ndefu niliziona. Niliona wiki nzima! Nikasema ni uzito unavuta, zitarudi zikioshwa. Nilinyamaza. Halafu mutu anachekwa mbele ya Masera, na ni yeye."

Alichukua bisibisi, akafungua mkono wa mashine, akautia mfukoni, akatembea hadi Himbi. Alimkuta Bibiche akifua nguo nyuma ya nyumba. Hakusalimia hata vizuri. Akauweka ule mpini juu ya jiwe, kando ya beseni.

"Ulihesabu muzuri," akamwambia. "Kosa ni langu. Huu mukono utakaa kwako. Bila weye ile mashine ni meza tu."

Bibiche anasema alilia mpaka povu la sabuni likamwingia machoni. Naye akatoa lake: ndefu alikuwa ameziona pia, akaogopa kuuliza asije akaonekana mjinga.

Siku tano zilizobaki walirekebisha soksi tisini, kumi na nane kwa siku. Kila moja ilifumuliwa kutoka kidoleni hadi juu ya kisigino, safu kumi na tisa zikaondolewa, kisha vitanzi sabini na viwili vikarudishwa kimoja kimoja kwenye sindano kwa ndoano ndogo, na kisigino kikafumwa upya. Tasbihi ikarudi kwenye mkeka wa swala, rozari ikarudi shingoni. Badala yake, ukutani pananing'inia kamba yenye vifungo tisini na tisa vya mashati ya shule.

Jozi moja hawakuigusa. Waliiacha na urefu wake wa aina mbili, wakafuma nyingine badala yake. Ndiyo hiyo iliyo miguuni mwa Asumini.

Jozi tisini zilipokelewa. Masera alipima mpaka ya mwisho, akasema aksanti, na mwezi huu ametuma ujumbe anataka mia nne na ishirini kabla ya mwezi wa tisa.

Saa moja kamili mlango unasukumwa. Bibiche anaingia, viatu vimejaa vumbi jeusi, kitambaa kikiwa kwapani.

"Yaya, umeamukaje?"

"Salama, mudogo wangu. Leo umenikalisha."

"Pikipiki zilikuwa haba."

Anakifungua kitambaa, anauchomeka mkono mahali pake, anakaza parafujo, anazungusha mara moja kuonja. Sindano zinapanda na kushuka kwa zamu, tik-tik-tik, na Asumini anasogeza kifungo cha kwanza.

Jozi mia nne na ishirini haziwezekani kwa mashine moja, na wote wawili wanajua. Twahiru ameona nyingine Kampala, kuukuu lakini nzima, dola mia tatu na hamsini, na kompta yake ingalipo. Wameshaweka akiba ya zaidi ya nusu. Mashine ya pili itakuwa ya Bibiche na itakaa Himbi.

Basi kila mmoja atafumia kwake, bila kungoja mtu asubuhi?

Asumini anageuka kana kwamba ameulizwa kitu cha ajabu.

"Nani alisema hivyo? Mashine itakaa kwake. Mukono wake utalala hapa kwangu."

Bibiche hainui macho kutoka kwenye sindano. "Na usikuwe unachelewa kuuleta, yaya," anasema, na kuendelea kuzungusha.