Vipimo Vinne vya Fundi wa Wadi Kabir

Jumamosi asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kuendesha na viatu vya baiskeli bado viko miguuni, simu ililia. Alikuwa mwenye duka la baiskeli la Wadi Kabir, hapa Maskati, ambaye kwa kawaida hunipigia kunipa habari za mali mpya iliyoingia. Safari hii alisema maneno machache tu: "Fundi wetu katutoka. Kafia kwao, likizoni. Homa ya siku tatu." Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, nikavua kiatu kimoja, cha pili nikakisahau. Mkenya yule, mtu wa Nakuru, aliishughulikia baiskeli yangu kwa miaka sita, na katika miaka hiyo alinisahihisha mara nyingi kuliko walimu wangu wote wa chuo. Wasomaji wa safu hii mnaonijua mtaelewa kwamba kwangu mimi si jambo jepesi kulikubali.

Mnanijua, na sioni haya kujirudia. Nimezaliwa Unguja, nikarudi nchi ya mababu zangu na begi moja na diploma ya ufundi wa mitambo, na uwanja wa ndege hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nimefanya kazi kwenye visima vya mafuta jangwani, na mashine zilizowashinda watu wa shahada nimezifungua na kuzifunga kwa mikono hii. Nyumba ya ghorofa mbili ninayokaa Mawaleh nimeijenga kwa jasho langu, sikurithi hata tofali. Hata baiskeli, daktari aliponikemea kwa sababu ya kitambi nikaamua kuendesha, sikununua ya kuendea sokoni. Nilinunua ya mashindano, fremu ya kaboni, nyepesi hata mjukuu wangu huinyanyua kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nilipoingia duka lile mara ya kwanza sikwenda kuuliza. Nilikwenda kuamrisha.

Nilimwambia fundi kuwa baiskeli inalia katikati, pale pedali zinapozungukia, basi atoe beringi zote atie mpya. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo. "Kwani wewe ni injinia?" aliniuliza, nami nikaitikia kwa kichwa bila kujua kuwa natiwa kwenye mzaha. "Sawa, Injinia. Hebu enda nayo mpaka kwa ile gereji ya malori, halafu urudi." Nikaenda, ikalia njia nzima. "Sasa rudia, lakini usikalie kiti. Simama." Nikasimama juu ya pedali, nikapita mbele ya mafundi wa malori walioacha kazi kunitazama, na baiskeli ikanyamaza kimya. "Si beringi," alisema niliporudi. "Nguzo ya kiti ndiyo inalia. Imekauka." Akaichomoa, akaifuta, akaipaka dawa yake, akairudisha. Hazikufika dakika kumi. "Basi na hilo jina la Injinia liache," nikamwambia, nimekasirika kidogo. "Hapana," alisema, "hilo utabaki nalo." Na nilibaki nalo.

Beringi zenyewe ziliisha kweli mwaka uliofuata. Kwa msomaji asiyeendesha nieleze kidogo. Baiskeli nyingi za mashindano za siku hizi hazina nyuzi za skrubu pale katikati ya fremu. Pana tundu tupu, na vikombe vyenye beringi hushindiliwa humo, vikashikwa na ule mbano wenyewe. Kosa dogo la upana, dogo kuliko unene wa unywele, linatosha kukifanya kikombe kicheze, na kikicheza kitapiga kelele kila unapokanyaga. Ndiyo maana bwana yule hakugusa kikombe kipya kabla ya kulisafisha tundu kwa spiriti na kulipima: upande wa kulia mara mbili, kwa wima na kwa ulalo, kisha wa kushoto vivyo hivyo. Vipimo vinne. Aliviandika kwenye karatasi, akatia saini kama daktari, akanikabidhi. Ndipo alipoleta skrubu yake ndefu yenye visahani viwili, akawa anakaza polepole, anasimama, anachungulia kama kikombe kinaingia sawa, kisha anakaza tena. Nyundo ilikuwepo mezani na haikuguswa. Nilipomuuliza karatasi ile niifanyie nini, alinijibu, "Weka. Nikiweka kitu kwa baiskeli ya mtu, lazima ijulikane niliiweka mahali pa aina gani."

Wiki mbili baadaye nikafanya kosa ambalo nadhani ni letu sisi watu wa Maskati. Hapa gari chafu ni faini, kwa hiyo kuosha kwetu ni mazoea kama kunywa kahawa. Alkhamisi moja nilipeleka gari kuoshwa, na kwa kuwa baiskeli nayo ilikuwa na vumbi, nikaishusha: "Na hii pia." Muoshaji akaielekeza bomba ya maji ya nguvu pale pale katikati, kwenye beringi, kwa bidii kabisa, nami nikamshukuru. Grisi ikatoka, maji yakaingia, na wiki ya pili beringi zikaanza kusaga. Hapo mtu mwenye akili angemrudishia fundi. Mtu mwenye diploma alichukua bisibisi na nyundo. Nilivigonga vikombe vikatoka, nikavikausha, nikavipaka grisi, nikavirudisha kwa kuvigonga juu ya kipande cha ubao. Kimoja kiliingia upande. Nilipoendesha nilisikia sauti kama ya mtu anayetafuna barafu.

Niliipeleka dukani na siku hiyo mwenye duka mwenyewe alikuwepo. Ni mtu wetu, wazee wake wametoka Unguja kama wangu, na hasira zake ziko karibu. "Kazi ya fundi wako hii, mwezi tu," nilisema, na sikusema zaidi. Kumbe wiki ile alishalalamikiwa na mteja mwengine. "Khalas!" alisema. "Kishanichosha huyu. Mwisho wa mwezi namkatia tiketi arudi kwao." Fundi alikuwa ameshaipandisha baiskeli kwenye stendi, ametoa pedali na kikombe kimoja. Ukingoni mwa tundu palikuwa na makovu mawili ya bisibisi, mapya kabisa. Aliyaona. Aliniangalia kwa juu ya miwani, akaendelea kukitoa kikombe cha pili. Nilijua ana mabinti wawili wanaosoma kwa kazi ile.

Nikatafuta njia ya kumwokoa bila mimi kuanguka, na elimu yangu ikanipa maneno. "Ngoja, sheikh yangu, usimfukuze," nilisema. "Nimeichunguza mimi. Kosa la kiwanda hili. Tundu si duara, lina umbo la yai. Hapana kikombe kitakachokaa humo." Mwenye duka alipoa. "Haya, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Basi abaki." Nikatoka kifua mbele, najiona mtu niliyeokoa nyumba ya watu.

Fundi alinifuata mpaka kwenye gari, kitambaa cha grisi mkononi. "Injinia, asante kwa kazi," alisema. "Lakini umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi? Si unabaki?"

"Nabaki kama nani? Kama hiyo shimo ilikuwa yai, mimi nilipima nini? Boss sasa anajua nilipima nikaona yai, nikaweka tu hivyo hivyo. Ama hata sikupima. Ningefukuzwa, ningeenda nikiwa fundi." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Ile karatasi uko nayo." Hakuniuliza. Aliniambia, kisha akarudi ndani.

Nilikaa garini muda mrefu. Nimewahi kupanda mnara wa kisima jangwani na upepo unauyumbisha, na sikuogopa kama nilivyoogopa kurudi kwenye duka lile dogo. Hatimaye nilikwenda nyumbani Mawaleh, nikaitoa karatasi kwenye boksi la beringi za zamani, na alasiri ile ile nikaiweka juu ya kaunta. "Tundu halina ila yoyote," nilimwambia mwenye duka. "Vipimo vyake hivi. Baiskeli niliiosha kwa bomba ya nguvu, vikombe nikaving'oa kwa bisibisi na kuvirudisha kwa nyundo. Na asubuhi nilikudanganya." Alisoma, akaniangalia, akacheka mpaka akashikilia kaunta. "Kwa nyundo! Na diploma yote ile! Wallahi hili nitalisimulia kila harusi." Ameshalisimulia katika harusi tatu ninazozijua. Fundi yeye hakucheka. Alipima tundu upya mbele yetu, mara nne, akazungusha karatasi ile ili mwenye duka aone namba zinalingana, akalainisha makovu yangu kwa msasa mwembamba. Kisha akaleta vikombe vipya, akaniambia, "Osha mikono, Injinia. Leo unaweka wewe." Akasimama nyuma yangu. "Pole pole. Simama, angalia. Si unaona imeanza kulala? Rudisha, uanze tena." Vikombe vile vilinichukua miaka mitatu bila kulia, na tangu siku ile baiskeli yangu huifuta kwa kitambaa na ndoo ya maji, basi.

Nimefikiri sana wiki hii kwa nini nilishika uongo kwa wepesi ule. Sisi tuliorudi tunapenda vyeti, na tuna haki. Tulipofika, Kiarabu chetu kilichekwa, na cheti ndicho kilichotusemea mpaka watu wakatusikiliza. Lakini mji huu umejaa watu ambao hawana karatasi yoyote ya kuwasemea isipokuwa wanayoiandika wenyewe, na kwa sisi wenye maneno ni rahisi mno kuwafadhili kwa neno moja kwa bosi wao, tukidhani kwamba ajira ndiyo kila kitu walichokifuata hapa. Ninajivunia mengi na sitaacha, ila safari ile ya kurudi Wadi Kabir na karatasi mkononi naiweka juu ya nyumba na juu ya diploma. Ukitaka kumtendea wema mtu wa kazi, anza kwa kubeba kosa lililo lako. Mimi nilikaribia kumwachia kazi yake nikamnyang'anya ufundi wake, na angeishi hivyo miaka mitano iliyobaki, anasalimiwa na kila mteja, bila yeyote kujua kilichopotea isipokuwa mimi na yeye.