Mulombwa wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kukata miti katika mashamba ya watu. Sisemi msitu wa serikali, ule una wenyewe na ugomvi wake. Nasema mashamba yenye karatasi, yale ambayo watu wa Lubumbashi walinunua ng'ambo ya Luano wakidhani watalima mahindi, kisha wakazeeka mjini na miti ikabaki. Mwenye shamba ananiita, naenda na msumeno wangu wa injini, tronsonezi. Tunaangusha, tunapasua mbao palepale porini, tunagawana.

Kuna jambo moja huwa silivunji. Kabla sijawasha injini, mwenye shamba atembee nami kwa miguu, panga mkononi. Mti anaotaka uanguke anaupiga panga mara moja, gome linatoka, linabaki doa jeupe. Asioupiga, siugusi. Wengine huona uvivu. "Weye kata tu, miye niko na confiance." Nawajibu kwamba imani haionekani kwenye gome. Nimewahi kurudi mjini bila kukata hata tawi kwa sababu bwana mmoja hakutaka kulowesha viatu kwa umande.

Mwaka mmoja aliyeniita alikuwa mama mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa amefariki na kumwachia shamba. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, naye alitaka mbao za kulijenga upya kabla ya mvua. Ila sisi watu wenye asili ya Kasai, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Nikiwa njiani naye anakuja, mmoja wetu anaingia kwenye majani. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa niliujua mgongo wake kuliko uso. Tukiwa na neno, yeye anakaa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi mbele, na mke wangu anasimama pembeni kurudia kila kitu, ingawa ukuta ni wa tofali moja na kila mmoja anamsikia mwenzake hata akipumua. Watoto wetu wanatucheka. Mimi pia hucheka, baadaye, nikiwa mbali.

Siku hiyo sauti ya nyuma ya ukuta ilisema:

"Umuambie akate yote. Mulombwa moja tu aache. Ile ya pembeni ya kichuguu, upande ya njia. Njo fasi tulizikaka mutoto wangu ya kwanza."

Mke wangu aligeuka akautazama ukuta. Hakuwa amewahi kusikia habari za mtoto huyo. Mama yake akaeleza kwa ufupi. Alikuwa wa kiume, aliishi siku nne, hakuwa amepewa jina. Wakati ule walikuwa wakilala shambani kulinda mahindi, na baba akamzika chini ya mti. Hawakuweka msalaba wala jiwe. Mti wenyewe, huo mulombwa ambao kwingine huitwa mninga, ndio uliokuwa alama.

"Unasikia?" mke wangu akaniuliza.

"Minasikia. Umuambie mama, hakuna mwenye ataugusa."

Nilipaswa kuuliza ni kichuguu kipi. Nilipaswa kusema twende akanionyeshe, kama ninavyowaambia wengine wote. Swali lilinifika mdomoni. Lakini kutembea porini na mama mkwe, yeye mbele na panga, mimi nyuma nikitazama visigino vyake, ni jambo lililonitia haya hata kulifikiria. Mke wangu naye hakuwa amekanyaga kule tangu utotoni. Nikajiambia kichuguu si sindano. Huku Katanga kichuguu hupita urefu wa nyumba.

Nilikwenda na mwenzangu wa kazi, mzee mwenye asili ya Maniema, fundi wa kamba na kabari, mtu wa sala tano na maneno machache. Upande wa njia tulikiona kichuguu kirefu, na pembeni yake mulombwa mmoja. Nikaufunga kitambaa chekundu kwa mikono yangu mwenyewe, na nikajiona mkwe mwema. Tukakata siku mbili bila tatizo.

Siku ya tatu tulifikia mulombwa mwingine, mnene, ulionyooka vizuri, wa kupasua mbao za paa zima. Ulikuwa karibu zaidi na njia. Kando ya shina palikuwa na mwinuko mdogo uliofunikwa na majani, na shimo pembeni yake, na vipande vya matofali mabichi. Niliviona, nikavikanyaga. Nikaanza kukata pengo la upande wa kuangukia.

Nilipozima injini ili nihamie upande wa pili, mwenzangu akasema:

"Mama moja iko pale. Anatupatia mugongo, mikono ku kichwa."

"Njo mama-mukwe wangu. Usimuangalie."

"Iko sawa na muntu mwenye kulia."

"Minakuambia usimuangalie! Analeta chakula. Ataweka chini, ataenda."

Nilimkaripia mtu aliyenizidi umri, kwa sababu alitazama kwa macho yake. Nikavuta kofia hadi kwenye nyusi, nikageuza mwili wote, nikawasha injini. Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na mwenzangu, tena baada ya wiki nzima ya kutosema nami. Mama mkwe alikuwa akitujia kinyumenyume. Anapiga hatua tatu nne kwa mgongo, anapapasa kwa mguu asijikwae kwenye visiki, anapiga magoti, anainuka, anarudi tena nyuma kidogo. Alikuwa anakuja kuniambia niache, bila kunionyesha uso.

Mti ulianguka palepale nilipotaka. Nikazima injini, na ndipo nikamsikia akilia.

Aligeuka. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu, nami nikatazama chini. Hakuondoka. Alingoja mpaka nikainua macho. Ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto, sikuwa nikilijua.

"Kichuguu, bantu ba matofali balikichimbaka, banakimaliza," akasema, akionyesha ule mwinuko mdogo kando ya shina. "Miye ninajua muti. Sikuwazaka kama weye utatafuta kichuguu."

"Pardon, mama."

"Ningepiga kelele, ungesikia. Nilikuonea haya, baba. Nilikuonea haya."

Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akaenda akakaa kwenye kisiki. Utomvu wa mulombwa ni mwekundu na hutoka mwingi. Ulimlowesha kitenge, hakuinuka. Mwenzangu alivua kofia yake. Mimi nilibaki nimeshika msumeno uliokuwa bado wa moto, nikitamani anitukane. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado sijui kusema hilo kwa maneno mazuri zaidi.

Gogo lile hatukulipasua. Nilikwenda kwa mwenye shamba jirani nikafanya kazi ya msimu mzima, nikachukua sehemu yangu yote kwa mbao, na paa la mama mkwe likajengwa kabla ya mvua. Lile la siku hiyo limelala kule hadi leo, mchwa wanalila upande mmoja. Mke wangu alipanda maua pale, yakakauka.

Tangu siku ile mama mkwe anaingia kwangu bila kungoja. Anavuta kiti, anakaa mkabala nami, anauliza habari za injini, za mgongo wangu unaouma, za bei ya mafuta. Ananitazama machoni kama anavyomtazama muuza makaa, mtu asiye mkwe wake. Hana hasira, na chakula chake ananipakulia mwenyewe. Majirani wasio wa kabila letu wananiambia nina bahati, mama mkwe gani anampenda mkwe hivi. Mke wangu akisikia maneno hayo, hutoka nje.

Ni mimi peke yangu ninayeendelea kutazama chini.