Gari Lililokunywa Oili Kuliko Sisi Chai

Shuleni gari letu liliitwa Factory. Si kwa ukubwa, maana ni kagari keupe tu ka mitumba, kalikotumiwa Japani na wenyewe, kakaja huku kakatumiwa na wengine, ndipo kakatufikia sisi. Liliitwa Factory kwa sababu ya moshi. Likipanda ule mlima wa shule, moshi wa buluu ulibaki nyuma umekaa barabarani kama ule wa kiwanda cha majani chai asubuhi, na wasichana walijua nimefika kabla hawajaniona. Mlinzi wa geti alikuwa akijifunika pua kwa kofia. "Leo mmechoma nini?" wasichana wa darasa langu waliniuliza, nami nilicheka kidogo nikitazama viatu vyangu.

Mimi ni mtu anayependa kuingia mahali bila yeyote kujua nimeingia. Na bado nililipenda gari hilo kuliko kitu chochote cha nyumbani. Sababu ilikuwa bweni.

Kidato cha kwanza nililala shule. Haya zangu si zile za kuinamisha uso peke yake. Ni zile za kukaa na kiu kwa sababu anayegawa maji ni mtu nisiyemjua. Wasichana wa chumba chetu walingoja niongee mpaka wakachoka. Mmoja wao, mwenye roho nzuri kabisa, aliamua mimi ni bubu, akaanza kuniongelesha kwa mikono. Niliona aibu kumwambia si kweli, nikawa namjibu kwa mikono pia. Tulienda hivyo mpaka mwisho wa muhula. Siku ya kufunga, Mama alipotokea getini nikamwita kwa sauti, na yule msichana akaangusha ndoo.

Nyumbani sikueleza kitu, lakini Baba alinitazama nikila, akaona. Yeye ni fundi wa kujenga kwa mawe, na kwa muda mrefu alikuwa anataka gari la kubebea vyombo vyake vya kazi. Sasa alilitafuta kwa haraka. "Nitakuwa nakupitisha shule nikienda kazi, mami," aliniambia. Ananiita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake, kama ilivyo kwetu kwa msichana wa kwanza. Inasaidia. Hata akinikasirikia huwa hafiki mbali, ni kama anamgombeza shosho, mama yake mwenyewe.

Aliyemuuzia aliapa kwamba gari halina moshi, na kweli siku lilipoletwa halikuwa na moshi. Baba aliliegesha, akapima oili, akakuta hakuna, akaongeza. Jumapili tukalipeleka kanisani likaombewe, maana kwetu gari haliendi mbali kabla ya maombi. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti na akina mama wa kwaya wakalizunguka kwa nyuma. Baba alitaka watu wasikie injini ilivyo tamu, akaiwasha, akakanyaga mafuta kidogo. Tulipofika "Amina" kwaya ilikuwa haionekani. Tulisikia tu kikohozi, cha sauti ya kwanza na cha sauti ya pili. Mchungaji alifungua macho, akasema hata wana wa Israeli waliongozwa na wingu, akaenda haraka kusalimia watu wengine.

Tangu siku hiyo Baba alimwita yule muuzaji mwongo, na mimi nikapata kazi ya kila asubuhi.

Lazima nieleze uwanja wetu. Tunakaa ubavuni mwa kilima, nje kidogo ya mji wa Nyeri, na kwetu hakuna mahali pa kuweka mpira ukatulia. Ukiangusha parachichi mlangoni mwa jikoni, utaliokota kwa jirani. Kuku wetu husimama mguu mmoja wameukunja. Gari lilikuwa likilala kando ya nyumba, pua ikitazama chini kwenye zizi la ng'ombe, na jiwe mbele ya tairi ili lisiende kukamuliwa. Hapo ndipo Baba alipokuwa akifungua boneti kabla ya chai. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua juu kwenye mwanga.

"Imekunywa tena," alikuwa akisema. Nami nilishika chupa ya plastiki tuliyoikata ikawa faneli, naye akamimina.

Mama alisema gari linakunywa oili kuliko sisi tunavyokunywa chai, na sisi angalau tukimaliza tunarudisha vikombe.

Lilipelekwa kwa mafundi. Wa kwanza, pale Majengo, alinusa moshi akasema ringi zimeisha, injini ifunguliwe yote. Jirani yake wa kazi alisogea bila kuitwa, akasema si ringi, ni sili za valvu, na wakabishana juu ya boneti yetu mpaka wakaanza kukumbushana magari ya zamani waliyoharibiana. Kila mmoja alipotaka kuchomoa kijiti, Baba alimzuia. "Oili nimepima mwenyewe asubuhi." Alisema kwa ile sauti yake ya kazi, na mtu hakubisha.

Hawangebisha, kwa sababu Baba na vipimo ni kitu kimoja. Ana pima maji yake, ule mti mrefu wa fundi wenye kichupa na kipovu ndani, kipovu kikikaa katikati ujue ukuta uko sawa. Haendi bila hiyo. Tukialikwa kwa watu, kabla hajasalimia amekwisha kuona dirisha lililolala upande. Hotelini huweka karatasi chini ya mguu wa meza. Siku moja kwenye mazishi alimnong'oneza Mama kwamba jeneza limewekwa likiwa limeinama upande wa miguu. Ukimwambia mtu kama huyo amepima vibaya, umemtukana pamoja na mama yake, ambaye kwa jina ni mimi.

Mwishowe Baba alichoka. Alitutangazia mezani kwamba gari litauzwa likizo hiyo ya Aprili, na mimi nitarudi bweni shule zikifunguliwa. Hakunitazama akisema. Kesho yake Mama alileta sanduku la bati lenye kufuli, akaliweka kwenye korido mlangoni mwa chumba changu, na kila nilipopita usiku kwenda choo niligonga kidole. Nilianza kufanya mazoezi ya kuongea. Nilisimama mbele ya kioo nikasema, "Hamjambo, mimi nalala kitanda cha juu." Hata kwa kioo sauti haikutoka vizuri.

Jumapili ya mwisho tulikuwa twende kumwona shosho kule Kianyaga baada ya ibada, gari lisalimiwe mara ya mwisho. Pale kanisani kuna sakafu mpya ya kuegesha magari, na aliyeimwaga ni Baba. Ni sawa kabisa. Watoto wakiweka gololi pale, gololi inakaa. Kila Jumapili Baba hutembea juu yake polepole kuliko lazima. Siku hiyo alikuwa anaagana na wazee, akaniashiria nipime oili kwa sababu safari ni ndefu.

Nilipangusa, nikachomeka, nikachomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya chini, ikapita ya juu, ikaendelea kupanda kijiti kama soksi. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Soksi ileile. Nilidhani nimeharibu kitu.

"Iko aje?" Baba aliniuliza kwa mbali.

Kupaza sauti mbele ya wazee wa kanisa siwezi. Niliinua kidole gumba, tukaenda Kianyaga na moshi wetu.

Kesho yake mnunuzi alikuwa aje. Baba alifungua boneti mapema, akainua kijiti. Kikavu. Akachukua galoni akamimina, nami nimeshika faneli yangu ya chupa, nikitazama pembeni ili nisilie. Nilikuwa natazama bakuli la maji ya kuku. Upande mmoja maji yalikuwa karibu kumwagika. Upande mwingine kifaranga alikuwa amenyoosha shingo yote na hakuyafikia.

Nikamtazama kifaranga. Nikatazama kijiti. Nikasahau faneli niliyoshika, ikainama, oili ikamwagikia kiatu cha Baba.

Nilitaka kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo, ukabaki wazi. Baba akasema nisihuzunike, bweni ni kuzoea. Kisha mbwa wakabweka na mnunuzi akaingia.

Alikuwa mzee kutoka Murang'a, wa viatu vya gambuti na koti kubwa, anayenunua magari yaliyochoka na kuwauzia watu wa kubeba kabichi. Alikunywa chai kwanza, maana kwetu hakuna biashara kabla ya chai, akasifu ng'ombe, akasifu kila kitu ila gari. Ndipo akauliza, "Sasa fundi, inakula oili?"

Baba hawezi kudanganya. "Inakula."

"Kidogo ama sana?"

"Wewe nunua tu kama ya kukula sana."

Mzee alicheka, akachomoa kijiti mwenyewe. Hata baada ya oili yote iliyomiminwa asubuhi, ni ncha tu iliyolowa. Akatikisa kichwa kama daktari. Akasema bei yake, na ilikuwa bei ya kununua viti vya gari na kupewa gari kama nyongeza. Baba akasema sawa, lakini hakunyoosha mkono. Nilijua akinyoosha imekwisha.

Sikuwa na maneno, lakini miguu ilikuwepo. Nilienda kwenye mfuko wake wa kazi, nikachukua pima maji, nikafungua mlango wa gari na kuilaza pale chini kwenye kizingiti cha chuma unapokanyaga ukiingia. Kipovu kilikimbia nyuma mpaka mwisho wa kichupa, kikagonga, kikakaa huko.

Baba alikitazama. Alikitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati. Akainama, akaigeuza pima maji upande wa pili, kuona kama imeharibika. Kipovu kikarudi kulekule. Akatazama pua ya gari iliyolala chini, na kijiti kilichoko huku nyuma ya injini, juu. Masikio yake yakawa mekundu.

"Ni nini hiyo?" mzee wa Murang'a akauliza.

"Ngoja," Baba akasema.

Tuliondoa jiwe, gari likapelekwa juu barabarani mbele ya duka, ambapo pako sawa. Baba alipahakikisha kwa pima maji, mara hii bila kuambiwa. Ilibidi tungoje oili itulie, na kwa kuwa mgeni hawezi kungojeshwa bure, Mama alikuja na thermos, tukanywa chai tena pale kando ya barabara, boneti wazi. Watu waliopita walitupa pole, wakidhani tumekwamia mlangoni kwetu.

Kisha kijiti kikachomolewa, na ile soksi ikaonekana. Ilikuwa ndefu kuliko ya Jumapili.

Mzee alikichukua, akakigeuzageuza. "Fundi," akasema polepole, "umekuwa ukilisha mtu ameshiba."

Mama aligeuka upande akatazama Mlima Kenya, mabega yakimtikisika.

Mzee hakuwa mjinga. Aliweka kikombe chini na kusema atalichukua gari hata hivyo, na hapo hapo akapandisha bei, akapandisha tena. Alisema tayari walikuwa wameongea, na mwanamume akisema sawa ni sawa. Baba alikuwa bado anafuta mikono kwa kile kitambaa, ingawa mikono ilikuwa imeshakauka. Alionekana mtu ambaye siku hiyo angekubali kushindwa na yeyote. Akanigeukia.

"Mami, wewe ndiye umepima. Unasema nini?"

Walikuwepo Mama, mzee wa Murang'a, mwenye duka, na wanawake waliokuwa wamesimama na mizigo ya majani ya ng'ombe ili waone mwisho. Shingo yangu yote iliwaka moto. Sauti ilipotoka, ilitoka yote kwa mara moja, nadhani pamoja na ile ya kidato cha kwanza.

"Sitaki kulala shule."

Ng'ombe wa jirani akaitikia. Mzee wa Murang'a akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe huyu anaongea," akasema.

"Umesikia mwenyewe," Baba akamwambia. "Gari si yangu kuuza."

Mzee alilalamika kidogo, kwa heshima ya biashara tu, akakubali mkungu wa ndizi na kikombe kingine cha chai. Baba alimwaga oili iliyozidi, ile iliyokuwa ikiungua na kutoa moshi wote ule, kwenye debe, na jioni tukalipandisha gari mpaka mjini na kurudi. Moshi ulikuwepo, lakini wa kawaida tu, wa mtu mzima anayevuta sigara moja. Baba alimpigia simu yule muuzaji na kumwomba msamaha. Tulimsikia akicheka mpaka Baba akaiweka simu mbali na sikio.

Sanduku la bati sasa linawekwa unga wa kuku. Baba alimwaga sakafu ya saruji kando ya nyumba, sawa kama meza, ili gari lipate mahali pa kusimama. Mama aliiona, akasema ametafuta mahali kama hapo tangu aolewe, akaanika mahindi, na mahindi hayajawahi kutoka. Gari limerudi kulala pua chini.

Kwa hivyo tunapima oili shuleni, kwenye uwanja wa magari ulio sawa, kila Jumatatu asubuhi. Baba ana haraka ya kazi, kwa hivyo anayefungua boneti ni mimi, na sketi yangu, wasichana wote wakiwa wamepanga mstari pale mbele. Yule aliyeangusha ndoo husimama karibu. Wiki hii ameinua nyusi na kuniuliza kwa mikono, kama zile siku za bweni, oili imefika wapi.

Nilikiinua kijiti wote waone. "Katikati," nikasema.