Majani kwa Namba ya Kipkemoi

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Manyunyu na baridi tangu alfajiri, halafu jua kali kuanzia saa nane.

Saa nane hiyo Isaiah alifika kwenye kituo cha kupimia majani ya chai hapa Kimulot akiwa na chupa ya mafuta ya taa ndani ya koti. Alikuwa ametoka jela Ijumaa, baada ya miaka minne. Alifungwa kwa kuiba magunia ya chai kwenye stoo ya kiwanda. Waliiba wawili, yeye na Kipkemoi, lakini alikamatwa yeye peke yake. Mahakamani, askari wa kiwanda alisema kuna mtu alimpigia simu akamtajia saa na mlango. Zaidi ya Isaiah, aliyejua saa na mlango ni Kipkemoi peke yake. Hata hivyo Isaiah hakumtaja. Walitahiriwa pamoja, wakaitana bakule tangu siku hiyo, na bakule hamsaliti mwenzake.

Sasa alitaka kumwaga mafuta juu ya majani ya Kipkemoi. Majani yakinuka hivyo yanakataliwa, na mkulima anafungiwa namba yake ya kuuzia chai kiwandani. Magunia yalikuwa yametandazwa chini, kila mtu akichambua majani yake kabla ya mizani. Kwenye lundo la Kipkemoi alikuwa amepiga magoti Rodah, mama yake Isaiah.

"Mama, unachambua ya huyu?"

"Ni yetu," Rodah alisema bila kuinua kichwa. "Ya shamba la juu. Namba ya baba yako ilikufa naye. Kipkemoi alikubali tupime kwa yake."

"Lini?"

"Mwezi uliofuata, baada ya wewe kushikwa."

Kipkemoi alikuja tumbo mbele, akicheka. "Bakule! Umekonda. Kwani huko hawawapi maziwa ya mursik?"

"Ni wewe ulipiga simu."

"Sasa ulitaka tufungwe wote wawili? Nani angelisha huyu mama?" Akaiona shingo ya chupa. "Ah, mwaga basi. Mwaga, watu waone vile unamshukuru mama yako."

Watu waliacha kuchambua. Isaiah alimgeukia mama yake.

"Ulijua?"

Rodah alitoa kijiti kigumu kwenye majani, akakitupa. "Aliniambia mwenyewe, akiwa ameleta mahindi. Ningemfukuza halafu nile nini, Isaiah?"

Isaiah hakumwaga. Aliiweka chupa kando ya mizani, akaenda nyumbani kwa miguu. Jioni Rodah alimwandalia ugali na mboga. Hakugusa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa moja, alinoa panga, akapanda hadi shamba la juu na kuanza kukata chai ya baba yake, mstari kwa mstari, mpaka usawa wa magoti. Oktoba si mwezi wa kupogoa, na chai iliyokatwa hivyo hukaa miezi mitatu bila jani la kuchuma, wala la kupima kwa namba ya Kipkemoi. Rodah alisimama njiani na kikapu mgongoni, akamwita mara mbili. Kufika saa nne, nusu ya shamba ilikuwa vijiti vitupu, na Isaiah alikuwa bado anakata.