Siku Tuliyokwenda Muleba Kuhakiki Shida

Siku yangu ya kwanza kazini nililia chooni. Nilikuwa mlezi mpya katika shule ya wasichana upande wa Kashozi, msichana mwenyewe bado, na nimekabidhiwa bweni zima la watoto walionizidi kimo. Mkuu wa Shule, mtawa mwenye sauti ndogo, alinikuta nikifuta macho. Alisema tu, "Mtoto akikwambia hana shida, usiondoke hapo hapo. Kaa kidogo." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa, na ninyi mnaosomea ushauri nasaha miaka mitatu mtanisamehe nikisema yalinitosha.

Kutoka Kashozi nilihamishiwa Muleba, kisha chuo kimoja mjini Bukoba, ambako nilimalizia utumishi wangu nikiwa mshauri wa wanafunzi. Cheo kinasikika kikubwa. Kazi yenyewe ni kuwa mama wa watu wenye mama zao: kujua nani amefiwa, nani ana mimba, nani anashindia chai kwenye chumba alichopanga Kashai. Mume wangu alikuwa ameshafariki na watoto wetu wako Dar es Salaam, kwa hiyo wanafunzi ndio walionijazia siku. Corona ilipokuja na vyuo vikafungwa, niliumia kuliko nilivyoonyesha. Walibeba magodoro yao wakaondoka. Tukabaki mimi ofisini, mlinzi getini, na ndoo ya kunawia ambayo hakuna aliyekuja kuitumia.

Baada ya wiki kadhaa chuo kikapata msaada wa dharura kutoka kwa wafadhili, wa kuwawezesha wanafunzi waliokwama kurudi masomoni chuo kitakapofunguliwa. Sharti lilikuwa uhakiki, yaani kwenda nyumbani kwa mwombaji na kuona kama kaya yake kweli haijiwezi. Zamani uhakiki niliufanya kwa kushtukiza. Safari hii, kwa ajili ya ugonjwa, Mkuu wa Chuo aliagiza tupige simu kwanza ili watu wajiandae.

"Wajiandae na nini?" nikamuuliza.

"Na barakoa, Mama," akasema.

Hakuwa mtu wa kwetu. Mimi nilijua Mhaya akiambiwa mgeni anakuja atajiandaa na nini.

Mwombaji niliyemhofia zaidi alikuwa Jovitha, binti wa mwaka wa mwisho wa ualimu. Baba yake alikuwa amefariki, na kwenye simu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba bila msaada ule harudi tena. Ataolewa au ataenda kufanya kazi za ndani Mwanza. Nilikwenda kwao Muleba pamoja na Mhasibu wa chuo, kijana mwaminifu kutoka Singida.

Tulipoingia sebuleni nikajua tumekwisha. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, kama tunavyofanya Krismasi. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe. Mama yake Jovitha, Ma Adventina, alitupokea amevaa kitenge cha kanisani. "Karibuni waitu, karibuni," akasema, akatuletea ndizi, kuku mzima na kahawa za kutafuna. Mhasibu alipomuuliza hali ya maisha, alijibu, "Hatujambo kabisa. Mungu anatupa. Hatujapungukiwa na kitu."

Jovitha alikuwa amesimama mlangoni, anatazama chini.

"Mama, hawa wanajiweza," Mhasibu aliniambia kwa sauti ya chini. "Nitaandikaje vinginevyo?"

Hakukosea, aliandika alichokiona. Lakini mimi nilikuwa nimetazama kibanja, shamba linalozunguka nyumba, wakati tunashuka garini. Migomba ilikuwa imeshikwa na mnyauko, majani yamening'inia ya njano hadi kwenye kaburi la marehemu. Kochi unaweza kuliazima kwa jirani. Kibanja huazimi.

Nikaomba maji ya kunywa ili nipate sababu ya kumfuata mama mwenye nyumba jikoni. Nikamwambia kwa Kihaya, "Ma Adventina, mwambie huyu kijana ukweli. Akiondoka hapa na hayo uliyomwambia, Jovitha hasomi tena."

"Niseme mbele ya mgeni kwamba sina?" akanijibu. "Mume wangu yuko pale kwenye migomba. Unataka anisikie nikiomba?"

"Nataka mtoto amalize chuo."

"Mtoto atamaliza. Wewe ni wa kwetu, andika wewe unachojua."

Sikuweza. Uhakiki ulitaka kaya ijieleze yenyewe mbele ya maofisa wawili. Nilirudi sebuleni nikakaa kidogo, kama nilivyofundishwa, maana sikujua kingine cha kufanya. Mhasibu akaanza kufunga begi lake. Hapo Jovitha akaingia, akasimama katikati ya zile nyasi.

"Makochi ni ya jirani, Ta Byabato, hapo juu," akasema. "Kuku tumemkopa. Sisi tunakula mara moja kwa siku, na leo hatujala bado."

Mama yake alikuwa nyuma yake ameshika jagi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wageni, maliziani chakula," akatoka nje. Tulipoondoka hakutusindikiza. Kwetu mgeni asiyesindikizwa amefukuzwa.

Msaada ulipatikana. Chuo kilipofunguliwa Jovitha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia ofisini kwangu. Nilifurahi hadi nikasahau barakoa. Nikamuuliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo," akasema. "Tangu siku ile hajanisemesha."

Walisemeshana tena, lakini ilichukua muda. Siku ya mahafali mama hakuja. Nilisimama mimi kwenye picha, na sikujisikia vizuri. Leo Jovitha anafundisha Geita. Mkiniuliza kama ningemwacha tena mama yule aaibike, nitawaambia ndiyo, na nitawaambia pia kwamba inaniuma.

Nilistaafu muda mfupi baadaye nikarudi kwenye kibanja chetu Kanazi. Hakuna aliyenitayarisha kwa ukimya wa kustaafu. Wanafunzi walipiga simu miezi ya mwanzo, kisha wakawa na maisha yao, kama inavyotakiwa. Kuna siku jua linazama sijafungua kinywa. Mwaka jana nikapanda gari nikaenda Muleba, bila kutumwa na mtu wala kupiga simu.

Ma Adventina alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Alinitambua.

"Umekuja kuhakiki nini tena?" Hakuwa anatania.

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu Jovitha. Yote yakanitoka.

"Sina mtu wa kuongea naye," nikasema. "Nyumbani naongea na redio."

Aliweka ungo chini. Nikaona aibu, nikasogea niingie sebuleni nikae. Akanishika mkono.

"Huko wanakaa wageni," akasema. "Njoo jikoni."